Tusiitupie Mbingu Lawama Yote

Katika mikutano mingi ya siku hizi, iwe ya Serikali, ya Chama au ya vikundi vya wananchi, limezuka neno moja linalotumiwa kama mwavuli: kila anayekaribia kunyeshewa na lawama hulifunua akajikinga. Neno lenyewe ni mabadiliko ya tabianchi. Kisima kikikauka, ni tabianchi. Bonde la mpunga likiingiliwa na maji ya chumvi, ni tabianchi. Kijito kilichokuwa kikisikika usiku kutoka barazani kikinyamaza, wananchi huambiwa kwamba dunia imepata joto, kisha mkutano hufungwa na watu wakaenda zao.

Hatusemi kwamba neno hilo ni la uongo. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilithibitisha kwamba baina ya mwaka 2011 na 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 kuliko ulivyokuwa baina ya 1850 na 1900, na kwamba usawa wa bahari ulipanda kwa takriban sentimita 20 tangu 1901 hadi 2018. Hayo si maneno ya barazani. Lakini neno la kweli laweza kutumiwa kwa nia isiyokuwa ya kweli, na sisi wa visiwani, ambao mito yetu ni mifupi na michache, hatuna nafasi ya kudanganyana. Rai yetu ni kwamba tabianchi haiui kwa wepesi mto wenye afya. Aghalabu humalizia mto ambao mikono ya watu imekwisha kuudhoofisha.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kwanza tukubaliane mto ni kitu gani. Afisa anayeshughulikia maji huuliza lita ngapi zinapita kwa siku, na swali lake ni halali, kwa sababu mifereji ya mjini haijazwi kwa maneno. Walakini mto si bomba. Wengi wetu tuliopita chuoni kabla ya kupelekwa skuli tulianza elimu ya maji katika mlango wa tohara. Hapo mwalimu alitufundisha kutenganisha maji machache na maji mengi kwa kipimo cha kulateni, maji yanayokwenda na maji yaliyotuama, na akatuambia kwamba maji mengi hayaharibikiwi na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Mtaalamu wa mito wa leo, pamoja na vyombo vyake vyote, anauliza maswali yasiyokuwa mbali na yale: maji ni mengi kiasi gani, yanakwenda au yamesimama, na yamebadilika nini. Tofauti ni kwamba mwalimu wetu alikuwa akimfikiria mwenye kutia udhu, ilhali mtaalamu anamfikiria pia samaki, kamba, kaa na mdudu aliyejificha chini ya jiwe.

Tuanze na joto. Maji baridi hubeba hewa ya oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Yakiwa na nyuzi 20, lita moja ya maji safi yaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba takriban 7 na nusu tu. Wakati huohuo samaki, ambaye mwili wake hufuata joto la maji aliyomo, huhitaji oksijeni zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Basi kiumbe huyo hubanwa pande mbili: mahitaji yanapanda na riziki inashuka. Hapa ndipo unapoonekana umuhimu wa mti wa ukingoni, ambao wengi wetu huuona kuwa ni kuni tu. Kijito kilichofunikwa na majani hukaa chini ya joto la kijito kilichoachwa wazi, na tofauti hiyo hufika nyuzi kadhaa. Zilinganishe na ile nyuzi 1.1 ambayo dunia nzima imeongezeka. Aliyefyeka miti ya ukingo wa mto kwa muda wa asubuhi moja ameyapasha maji yale moto kuliko viwanda vya ulimwengu mzima vilivyofanya kwa zaidi ya miaka mia.

Kisha ni mvua. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 inayoongezeka, na mvuke huo unaposhuka hushuka kwa ghadhabu. Mvua ambayo ingeligawika katika wiki nzima huweza kumwagika kwa saa chache, kisha kukafuata ukavu mrefu. Mto hauishi kwa mvua inayopita juu ya ardhi. Mto huishi kwa mvua iliyozama, ikahifadhiwa na udongo, ikatoka polepole kwenye chemchemi miezi mingi baada ya mawingu kuondoka. Panapokuwa na msitu, mboji na mizizi huipokea hata mvua kali na kuitia akibani. Panapokuwa na kilima kilicholimwa mpaka kileleni, maji yote huteremka siku hiyohiyo na kuuchukua udongo. Kwa hiyo bonde moja laweza kupata mafuriko mwezi wa Aprili na kiu mwezi wa Septemba katika mwaka uleule, na jumla ya mvua iliyopimwa isionyeshe upungufu wowote wa kutisha.

Udongo huo nao hauteremki bure. Chakula cha kijito cha msituni hakiti mizizi majini. Chakula hicho ni majani yanayodondoka, yakalainishwa na ukungu, yakatafunwa na wadudu wadogo ambao nao huliwa na samaki. Wadudu hao, wakiwamo watoto wa kereng'ende, wamefanya makazi yao katika nafasi zilizo baina ya changarawe na mawe. Tope likishuka huziba nafasi hizo kama saruji. Mpita njia hutazama akaona maji yangali yanapita, akasema mto uko salama, kumbe nyumba zote zimekwisha kufukiwa na wenyeji wake hawamo.

Hayo yanahusu mito ya kila mahali. Mito ya visiwa ina jambo lake zaidi, nalo halizungumzwi vya kutosha. Wanyama wengi wa vijito vya visiwa vya Bahari ya Hindi wana maisha ya nchi mbili. Mkunga wa maji baridi huzaliwa bahari kuu, akapanda mtoni angali mchanga, akakaa humo miaka, kisha akarudi baharini kuzaa na kufa. Kamba wengi wa mtoni huacha watoto wao wachukuliwe na mkondo mpaka maji ya chumvi, na watoto hao wakikua kidogo huanza safari ya kupanda juu. Wapo pia visamaki ambao urefu wao haupiti kiganja, wanaopatikana katika mito ya Komoro, Réunion na Morisi, ambao mapezi yao ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe cha kunyonyea. Kwa kikombe hicho hushika mwamba na kupanda hata maporomoko ya maji. Watoto wao hukaa baharini miezi kadhaa kabla ya kutafuta mlango wa mto, na mto watakaouingia si lazima uwe ule walikozaliwa wazazi wao.

Maana yake kwa mwenye kupanga mipango ni nzito. Kijito cha kisiwa hakihitaji kukauka chote ili kife. Inatosha kikatike mahali pamoja, hata karibu na mlango wake, katika wiki ambazo watoto hao wanatafuta njia ya kupanda. Juu mlimani maji yatakuwapo, na pwani bahari itakuwapo, lakini daraja baina ya viwili hivyo litakuwa limevunjika na kizazi kizima kimepotea. Ikitokea hivyo miaka mitatu minne mfululizo, wakongwe waliobaki juu hufa kwa uzee wasiwe na wa kuwarithi.

Sasa tutazame kisiwa jirani ambako mambo haya hayahitaji kukisiwa. Nzwani, katika Visiwa vya Komoro, ina eneo la kilomita za mraba 424 tu, lakini kilele chake cha Ntingui kinakaribia mita 1,600, nacho hukamata mawingu yatokayo baharini. Katikati ya karne ya 20 ilihesabiwa kuwa na mito takriban 50 iliyotiririka mwaka mzima. Leo mito ya namna hiyo inayotajwa ni takriban 10. Mingine imekuwa mito ya msimu: masika hunguruma, kiangazi huwa njia ya mawe. Hasara ya namna hiyo, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, ni vigumu kupata mfano wake katika bahari yetu.

Je, ni tabianchi? Kwa sehemu, naam. Lakini tazama kilichotangulia. Ardhi tambarare ya kisiwa hicho ilichukuliwa tangu zama za ukoloni kwa mashamba makubwa ya mazao ya kusafirisha nje, na mkulima mdogo akasukumwa mlimani. Watu wameongezeka, sensa ya mwaka 2017 ilihesabu zaidi ya 327,000 katika kisiwa hicho. Msitu ukakatwa kwa ajili ya ndizi na muhogo, kwa ajili ya mbao na kuni, na kwa ajili ya moto wa kukamulia mafuta ya langilangi, ambayo Komoro ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kuyatoa na ambayo hunusa vizuri sana huko yanakopelekwa. Msitu wa vilele vile ulikuwa ukifanya kazi mbili: kuizamisha mvua, na kuyachuja mawingu yenyewe, kwa maana ukungu hugusa majani ukadondoka matone hata siku isiyokuwa na mvua. Ulipoondoka, mito ilipoteza akiba yake. Ndipo miaka ya ukame na joto ilipoikuta mitupu.

Kisiwa cha Ngazidja kinatupa funzo la upande wa pili. Huko hakuna mto wa kudumu hata mmoja, wala si kwa sababu ya mtu yeyote: ardhi yake ni ya volkano changa, hunywa mvua yote kama chujio, na wenyeji tangu kale wamejenga mabirika. Wao hawakuwa na mto wa kupoteza. Nzwani ilikuwa nao.

Na tusidhani kwamba kuwa na fedha kunatosha kuwa kinga. Maore, iliyo chini ya Ufaransa, hutegemea zaidi maji ya juu ya ardhi, yaani mito na mabwawa mawili ya milimani. Ukame wa mwaka 2023 ulipokuja, mabwawa hayo yalishuka mno, na ikafika hali ya wananchi kufunguliwa maji siku moja katika kila siku tatu. Mwezi wa Disemba mwaka uliofuata, 2024, kikaja kimbunga Chido na kuipukutisha miti ya kisiwa hicho majani, milimani hata mabondeni. Kiu kwanza, kisha upepo. Na kijito kilichopoteza kivuli chake kikangojea kiangazi kingine. Huu ndio mwendo wa tabianchi kama unavyotarajiwa: mapigo yanayofuatana kabla aliyepigwa hajainuka.

Yupo atakayesema kwamba hiyo ni mito ya Wakomoro, na sisi tuna yetu. Basi na tuutazame mto mmoja wa Tanzania Bara ambao kila mwenye kuwasha taa Unguja ana uhusiano nao, akijua au asijue. Tangu mwaka 1980 umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Pemba iliunganishwa mwaka 2010. Sehemu ya umeme wa gridi ya taifa huzalishwa Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204, na vituo vyote viwili vinaendeshwa na maji ya Ruaha Mkuu. Chini zaidi, katika mfumo huohuo wa Rufiji, lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 1993 ulikatika, na tangu hapo umekuwa ukikauka kila kiangazi katika sehemu hiyo. Kwanza wengi waliilaumu mvua. Wataalamu waliolinganisha vipimo vya mvua na vya mto hawakuona upungufu wa mvua unaotosha kueleza jambo hilo. Walichokiona ni mifereji ya mashamba ya mpunga katika bonde la Usangu, mingi ikiachwa wazi hata wakati ambapo shamba halihitaji maji, na kinamasi cha Ihefu, kilichokuwa sifongo ya mto ule, kikipokea pungufu ya haki yake. Mto ulikatwa na mifereji kwanza. Ukame wa tabianchi ukija sasa, unaukuta katika hali hiyo.

Yaliyotokea baina ya viumbe wake yanafaa kuelezwa, maana hayafikiriki kwa urahisi. Mto unapokatika, viboko husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia. Kiboko hula majani nchi kavu usiku na kurudi majini mchana, na humo ndimo anamoacha kinyesi chake. Mto unapokwenda, kinyesi hicho huwa mbolea inayogawanywa mbali, nayo hulisha samaki na wadudu. Maji yanaposimama, neema hiyohiyo hugeuka sumu: huoza, ikaimaliza oksijeni, na aina za samaki na wadudu zikapungua dimbwini. Utafiti uliofanywa katika Ruaha Mkuu na kuchapishwa mwaka 2018 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Kiboko hakubadili tabia yake. Kilichobadilika ni mwendo wa maji, na hapo tunarudi kule kule kwa mwalimu wetu wa chuo, aliyetutaka tutenganishe maji yanayokwenda na yaliyotuama.

Tuje nyumbani. Unguja na Pemba si nchi za mito mikubwa, lakini majina ya miji yetu yanashuhudia kwamba maji yalikuwa ndiyo yaliyowaita watu. Mtoni ni Mtoni kwa sababu ya mto. Bububu inatajwa pamoja na chemchemi zake, na katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, maji ya chemchemi yalivutwa kwa mfereji mpaka Mji Mkongwe. Mto wa Mwera na baadhi ya wenziwe hauendi baharini kwa njia ya wazi. Huzama katika jiwe la matumbawe na kuendelea chini kwa chini. Maana yake ni kwamba anayeuchafua au kuuziba mto huo anagusa visima vya watu asiowaona. Pemba, kwa vilima na mabonde yake, ina vijito vingi zaidi, na katika msitu wa Ngezi mtu aweza bado kuona kijito kilivyo kinapoachiwa kivuli chake.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Hao wote wanakunywa, wanajenga na wanakula. Hatuwezi kumlaumu kijana aliyeweka pampu yake kijitoni ili amwagilie mchicha na bamia akauze sokoni, wala mwenye kuchimba mchanga kwa ajili ya nyumba ya wanawe, kana kwamba wao ndio peke yao wakosefu. Lakini pampu kumi katika kijito kimoja mwezi wa Februari ni hukumu ya kifo, na aliyepewa madaraka ya eneo hilo akanyamaza hana haki ya kusimama baadaye na kuitaja tabianchi. Upande wa pwani nako, bahari iliyopanda haingojei ruhusa: kijito kinapokosa nguvu ya kuisukuma nyuma, chumvi hupanda kwa njia ya mlango wake mpaka kwenye mpunga. Mikoko ikiwa imekatwa, hupanda kwa haraka zaidi.

Sheria hazikosekani. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka fungu la mazingira mara tu baada ya maji ya matumizi ya nyumbani, kabla ya kilimo na kabla ya viwanda. Fikra hiyo ya pili ndiyo tungependa viongozi wetu waichukue kwa uzito, yaani kwamba mto una fungu lake katika maji yake wenyewe. Katika visiwa vidogo mita 60 huenda zikamnyima mtu shamba lake lote, na hilo litahitaji busara na fidia. Fungu la mto halihitaji ardhi ya mtu. Linahitaji tu kwamba katika miezi ya ukavu vidimbwi vya mwisho visinyonywe, mlango wa mto usizibwe, na miti ya ukingoni isiguswe. Wadudu wenye mabawa hurudi wenyewe hata baada ya ukame, maana kereng'ende huruka kutoka bonde mpaka bonde. Samaki hana mabawa. Akikosa dimbwi la kungojea mvua, amekwisha.

Kinachotukosesha usingizi zaidi ni kwamba hatuna hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya urefu wa mito yote duniani husimama angalau siku moja kwa mwaka. Je, katika vijito vyetu ni vingapi vilikuwa vya mwaka mzima wakati wa Mapinduzi ya 1964, na ni vingapi leo? Wazee wa mabondeni wanajua, kila mmoja kijito chake, na kila mwaka tunawazika baadhi yao pamoja na elimu hiyo. Mamlaka ya Maji inapima visima na matangi yake, kama inavyopasa. Kijito kisichotiwa bomba hakina mwenye kukiandika.

Masheha waweza kuifanya kazi hiyo, na walimu wa skuli za mashamba wakawasaidia pamoja na wanafunzi wao. Haihitaji mfadhili wala kibao chenye nembo. Inahitaji daftari, na mtu wa kupita bondeni mwezi wa Februari, kaskazi ingali inavuma na masika haijaingia, akaandika kwa tarehe ni wapi maji yanakwenda, ni wapi yamesimama na ni wapi pamebaki mchanga mtupu. Kisha arudi mwezi wa Septemba, baada ya mvua za mchoo, aandike tena.